Kuhuisha kadi ya gari kila mwaka? Hapana

Mkuu, umesema umenunua gari mkononi mwa mtu hapo Dar na sasa kuna kijana anataka umpe hela "akulipie road licence ya mwaka mtandaoni". Usimpe. Ada hiyo ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 kwa kila lita. Ukijaza tangi unakuwa umeshalipa. Kadi ya gari nayo haiishi muda.

Kinachoisha ni bima. Ingia TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, andika namba ya gari, uone kama ile stika ya muuzaji ni halali, maana za kuchonga zipo. Halafu nenda kwenye mfumo wa polisi wa TMS, andika namba hiyo hiyo uone faini. Deni la faini linafuata gari, halijui kwamba mwenye kuendesha amebadilika. Hilo ulipaswa kumbana nalo muuzaji kabla ya kumaliza malipo, bado mpigie.

Jambo kubwa kwako ni jina. Kama kadi bado ina jina lake, fanyeni uhamisho wa umiliki TRA (mamlaka ya mapato) mapema: mkataba wa mauziano, TIN (namba za mlipakodi) zenu wote wawili, vitambulisho, na kadi halisi. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, ukiacha ada nyingine. Lipa kwa control number (namba ya malipo ya serikali) tu, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu.