Mwendokasi au treni kwa Kampala? Jibu la mkazi wa Kireka

Mleta mada ameuliza Kampala ianze na lipi: mabasi ya mwendokasi kama ya Dar es Salaam, au treni ya abiria ya mjini. Mchangiaji mmoja akamjibu kuwa yote mawili ni kumwaga pesa, dawa ni kuziondoa barabarani taksi, yaani vibasi vidogo ambavyo Dar mnaviita daladala. Nilikuwa naishi Kimara, Dar es Salaam, mwendokasi ulipoanza, na sasa naishi Kireka, mashariki mwa Kampala, biashara yangu ya mitumba ikiwa soko la Owino katikati ya mji. Kwa hiyo vyote viwili nimevipanda kwa shida zangu za kila siku, si kwa matembezi.

Mimi nasema waanze na treni, maana reli ipo tayari. Ila treni ya asubuhi na jioni tu haitoshi kuitwa usafiri wa mji, na hapo ndipo penye mjadala wenyewe.

Kwa wasioijua Kampala: upande wa mashariki karibu kila kitu kinapita Jinja Road. Mukono, Namanve, Bweyogerere, Kireka, Banda, Nakawa, wote tunamiminika humo humo, pamoja na malori yanayotoka Malaba na Busia na shehena za Mombasa. Ukitoka nyumbani kumi na moja alfajiri unafika mjini vizuri. Ukichelewa ukatoka saa moja, mvua nayo ikanyesha, hujui utafika saa ngapi, na nauli nayo imeshapanda kondakta alipoona mawingu. Kwa mfanyabiashara kutojua huko kunauma kuliko nauli yenyewe. Mteja wa jumla kutoka Masaka au Mbarara anakuja Owino mapema ili awahi basi la kurudi. Akikuta meza yangu imefunikwa anahamia kwa jirani, na wiki ijayo anaanzia huko huko kwa jirani.

Treni ya Kampala hadi Namanve ilianza Desemba 2015, ikipita Kireka na Namboole. Mabehewa si mapya, kichwa ni cha dizeli, na njia ni reli ile ile yenye upana wa mita moja ambayo iliingia Kampala mwaka 1931. Lakini ina kitu ambacho gari lolote la Jinja Road halina: njia yake yenyewe. Foleni ya Nakawa haiihusu. Nikiwahi treni ya asubuhi najua nitashuka stesheni saa ngapi, nitembee hadi Owino na furushi langu, nifungue meza kabla jua halijawa kali. Mwaka 2023 safari zilisimamishwa kupisha ukarabati wa reli, zikarudi 2024, na kipindi hicho sote tulirudi kubanana kwenye taksi. Nawaomba wanaosema treni haina faida wawaulize watu wa Kireka walivyoishi miezi ile.

Sasa upungufu wake. Ukikosa treni ya asubuhi, imekwenda. Mchana hakuna. Fundi anayemaliza kazi saa nane, mama anayetoka hospitali ya Mulago na mtoto mgonjwa saa sita, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kyambogo mwenye kipindi cha adhuhuri, wote hao treni haiwajui. Wengi wanadhani ni uzembe tu wa ratiba, lakini njia ni moja. Treni mbili zinazokutana lazima moja iingie pembeni penye reli ya kupishana isubiri, na juu ya reli hiyo hiyo mizigo ya Malaba nayo inataka kupita. Ongeza makutano ya reli na barabara kama yale ya Namuwongo, ambako watu, boda na magari hukatiza juu ya reli, na vibanda vilivyojengwa karibu mno na njia, utaelewa kwa nini dereva wa treni hawezi kukimbia hata akitaka.

Wenzangu wa Dar mtaikumbuka treni ya Mwakyembe, iliyoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, iliyoanza Oktoba 2012. Nayo ilitumia reli za zamani, nayo ikawa ya asubuhi na jioni. Watu waliipenda sana na ikawasaidia waliokaa karibu na njia yake, lakini mji haukubadilika kwa sababu yake. Kilichobadilisha safari za Kimara ni mwendokasi wa Mei 2016: takribani kilomita 21, njia ya katikati ya barabara ambayo gari jingine haliruhusiwi kuingia, vituo unavyolipia kabla ya kupanda, sakafu ya kituo ikilingana na ya basi hivi kwamba mtu wa kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa. Basi moja likikupita, jingine linakuja. Hicho ndicho abiria anachokinunua, kwamba halazimiki kuipanga siku yake yote kwa kuogopa kukosa chombo kimoja.

Je, Dar hapakuwa na shida? Zilikuwepo. Bonde la Jangwani, ambamo njia ya mabasi inapita, likifurika mabasi yalisimama, na uchache wa mabasi ukilinganishwa na abiria ulilalamikiwa hadharani mara nyingi. Lakini angalieni aina ya malalamiko: watu walikuwa wakidai mabasi yaongezwe. Ninavyoona, mradi ambao watu wanaugombania kiasi hicho umeshawaingia moyoni.

Basi kwa nini nisiseme Kampala ianze na mwendokasi? Kwa sababu hapa tumeusubiri muda mrefu. Mpango mkuu wa usafiri wa Kampala na vitongoji vyake wa mwaka 2008 hadi 2023 uliutaja, miaka yake ikaisha bila njia hata moja ya mabasi kujengwa. Morogoro Road kule Dar, unakopita mwendokasi wa Kimara, ilikuwa na hifadhi pana ya barabara. Jinja Road pale Banda na Kireka maduka yamesogea hadi ukingoni, na kila mita ya kuipanua ina mwenye kiwanja anayedai fidia, tena ardhi ya Buganda umiliki wake una tabaka juu ya tabaka: mwenye hati wake, mwenye kibanja, yaani anayekaa juu ya ardhi hiyo, wake. Sisemi haiwezekani. Nasema tutasubiri, na wakati tunasubiri watu wanataka kwenda kazini.

Na yule anayesema leteni mabasi makubwa tu, njia maalumu ya nini, akumbuke mwaka 2012. Mabasi ya Pioneer ya rangi ya machungwa yaliingia mjini, watu wakashangilia kwa haki, maana yalikuwa na nafasi na heshima. Chini ya miaka miwili baadaye yakaegeshwa, mgogoro ukiwa wa kodi. Lakini hata kabla ya kuegeshwa yalikuwa yanasimama kwenye foleni moja na taksi. Basi kubwa likiwa ndani ya foleni halina haraka yoyote. Tena taksi huchepuka vichochoroni, basi haliwezi.

Nakuja kwa ndugu yangu wa kuziondoa taksi. Shemeji yangu aliendesha taksi ya Mukono miaka mingi, na hesabu zake nazijua kwa sababu zilikuwa zinapigwa mezani kwetu. Tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake kila jioni, mafuta yatoke, kondakta apate, ada ya stendi ilipwe, kinachobaki ndiyo ugali. Ndiyo maana anasubiri gari lijae watu 14 ndipo aondoke, ndiyo maana anakatisha safari akiona foleni, anawashusha abiria Nakawa na kugeuza. Anayafanya kwa kuwa malipo yake yamefungwa kwenye idadi ya vichwa. Ukimwondoa kwa amri, abiria wake watapanda nini kesho yake asubuhi? Boda? Watalipa zaidi na baadhi yao wataishia wodini.

Afadhali apewe kazi nyingine ndani ya mfumo huo huo. Taksi ziwe zinatoka stesheni ya Kireka kwenda Kyaliwajjala na Naalya, zinatoka Namboole kuingia mitaa ya ndani ya Bweyogerere, safari fupi za kurudia rudia zinazowapokea watu wa treni. Leo ukishuka jioni, mwanamke peke yako, mvua imenyesha, taa hakuna, unatembea kwenye tope au unapatana bei na boda gizani. Wengi wanaikwepa treni kwa sababu ya kipande hicho cha mwisho, si kwa sababu ya treni. Dar wamiliki wa daladala waliingizwa kwenye mazungumzo kupitia vyama vyao, hata kama si wote walioridhika. Hapa pia lazima waketi mezani kabla tingatinga halijawashwa.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likijadiliwa kwenye uzi huu. Oktoba 2024 serikali ilitia saini mkataba na Yapı Merkezi, kampuni ile ile iliyojenga reli ya kisasa ya Dar hadi Morogoro, kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Reli hiyo ikikamilika, mizigo mingi itahamia huko. Basi reli ya zamani itabaki na nafasi, na hapo ndipo treni za mchana zinapowezekana, kila nusu saa hata kama ni mabehewa matatu tu. Hilo lisipodaiwa mapema, reli ya zamani itaachwa iote majani kama ile ya kwenda Kasese, na watu watajenga juu yake.

Kwa hiyo, mleta mada, ukialikwa kwenye kikao chochote cha maoni, anza na treni ya mchana na taksi za kupokea abiria stesheni. Mwendokasi tuudai pia, hasa kwa Bombo Road na Entebbe Road, ambako treni ya abiria haipo. Na kama unatafuta chumba cha kupanga kwa sasa, tafuta mahali unapoweza kutembea kwa miguu hadi stesheni ya Kireka au Namboole, halafu uliza majirani wenye kazi mjini wanaondoka nyumbani saa ngapi, kabla hujamuuliza mwenye nyumba kodi.