Muulize Bi Jikoni: Pizza ya Ijumaa, na mimi napunguza mwili

SWALI: Shikamoo Bi Jikoni. Napunguza mwili na mboga za usiku nimeshazizoea, ila Ijumaa ndiyo inayonimaliza. Watoto wanataka pizza na mpishi ni mimi. Natia unga vikombe vitatu, mafuta nusu kikombe, tomato sosi, chizi paketi nzima ya gramu 250, na soseji. Najifanya sili, halafu namalizia mabaki yao nimesimama jikoni. Nikitumia atta badala ya unga mweupe, itatosha? Na pizza ya Forodhani nayo vipi?
Mama wa Watatu, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Atta ni nzuri, lakini usiitwishe mzigo usio wake. Kalori zake zinakaribiana na za unga mweupe. Inachokuzidishia ni nyuzinyuzi, ukala kidogo ukashiba. Changanya nusu kwa nusu, maana atta tupu hutoa pizza ngumu na watoto watakususia.

Kinachokuumiza ni hiyo nusu kikombe ya mafuta. Peke yake ni karibu kalori 1,000, chizi bado hujaigusa. Kule Napoli, Italia, kwenye asili ya pizza, donge ni unga, maji, chumvi na hamira, basi. Mafuta wanayadondoshea juu kidogo tu. Sijui nani alitufundisha kulikanda kama la maandazi.

Kwa pizza mbili ndogo, chukua gramu 150 za unga (kikombe na robo hivi), hamira nusu kijiko cha chai, chumvi, na maji ya uvuguvugu yasiyofika nusu kikombe. Kanda mpaka lilainike, funika. Kwa joto la Dar, saa moja linatosha kuumuka.

Tomato sosi ya chupa iache, haikosi sukari. Kwaruza nyanya tatu zilizoiva sana, maganda yabaki mkononi, upike na kitunguu saumu na chumvi. Hapa usiwe na haraka. Mwanzoni zitarukaruka na kukuchafulia jiko. Endelea mpaka zitulie, ukipitisha mwiko chini ya sufuria uache njia isiyojifunga upesi. Nyanya zenye maji ndizo zinazofanya pizza ilowe katikati, halafu tunailaumu hamira.

Sukuma nyembamba kuliko chapati. Kama huna oveni, weka kwenye kikaango kikavu chenye moto wa wastani mpaka chini ipate madoa ya kahawia, geuza, paka nyanya upande ulioiva, nyunyiza chizi, hoho na uyoga, funika na upalie mkaa juu ya kifuniko. Wa gesi, funga kifuniko kwa kitambaa, ncha uzifungie juu mbali na moto, ili mvuke usidondokee chizi. Ikiyeyuka, epua.

Chizi isizidi gramu 30 kwa kila pizza. Chagua iliyo kali, kama cheddar iliyokomaa, uikwaruze kwa tundu ndogo: inasambaa kote na ladha inasikika. Soseji waachie watoto, wewe chambua kuku wa kuchemsha aliyebaki mchana. Ukijumlisha yote, pizza yako nzima haitapita sana kalori 500, nawe utakuwa umekula mezani, kwenye sahani, na kachumbari ya kutosha pembeni.

Ila hayo mabaki, mama, usiyaache mezani. Yaingie friji kabla hujaosha vyombo. Mimi simwamini mtu yeyote, hata nafsi yangu, mbele ya kipande cha pizza kilichopoa.

Pizza ya Forodhani ni habari nyingine kabisa: chapati nyembamba iliyokunjwa na nyama ya kusaga, kitunguu, yai, chizi na mayonezi, ikakaangwa kwenye mafuta. Tamu, sibishani. Lakini hiyo usijaribu kuipunguza chochote, utaiharibu. Ukivuka Unguja kula moja, mgawane na mwenzako.