Je, mkimbiaji anaruhusiwa kumgonga mdakaji?

Hapana dada, hapo refa hakumwonea binti yako. Umesema mdakaji (yule anayelinda besi ya nyumbani) alikuwa ameshashika mpira, anamsubiri, na binti akamvaa akiwa wima. Kwenye softiboli hiyo ni auti, yaani mkimbiaji ametolewa kwenye besi, na mpira unakufa (mchezo unasimama) papo hapo. Hata kama mpira ulimponyoka mdakaji kwa kishindo kile, mbio (pointi ya kufika nyumbani) haihesabiwi. Refa akiona ni makusudi na ukatili, anamtoa mchezoni kabisa.

Kuserereka, yaani kuteleza chini kufikia besi, si lazima, ingawa makocha wengi huimba hivyo (ligi nyingine za watoto zina masharti yao). Angeweza kumzunguka au kugeuza kurudi besi ya tatu.

Ila sheria inakata pande zote mbili. Kwa kanuni za USA Softball, chama cha mchezo huo Marekani, mdakaji asiye na mpira haruhusiwi kuziba njia, na kusema "ulikuwa unakuja" hakumwokoi. Siku nyingine mtazame refa: akinyoosha mkono wa kushoto pembeni huku mchezo ukiendelea, ameona kizuizi. Mkimbiaji akiguswa na mlinzi mwenye mpira hapo, anapewa besi ambayo refa anaamini angeifikia.

Wanaokwambia "mbona besiboli wanagongana" wamepitwa. Buster Posey, mdakaji wa San Francisco Giants, alivunjwa mguu hivyo hivyo Mei 2011, na tangu 2014 ligi kuu ya besiboli ya Marekani nayo imebana migongano hiyo.