Hesabu pumzi za paka wako akiwa amelala

Paka wangu Kidoti alirudi alfajiri akiwa na vitundu viwili vya meno ubavuni, nyuma kidogo ya kwapa. Kwetu Ngamiani hilo halimshtui mtu, madume hupigana usiku kucha wakigombea majike na vichwa vya samaki. Nikamsafisha kwa maji ya chumvi. Baada ya siku nne kidonda kikafunga, nikajua yamekwisha.

Hapo ndipo nilipokosea. Jino la paka ni jembamba kama sindano: linapenya, linaacha vijidudu vya mdomoni ndani, kisha ngozi inajifunga juu yake. Wiki ya pili Kidoti akasusa chakula, hata dagaa. Akahamia uvunguni, kajiinamia, viwiko kavitanua. Mama akasema, "Mwache mwanangu, ni homa tu." Jirani akanishauri nimpe nusu kidonge cha parasetamoli. Nashukuru sikumpa. Jamani, dawa hiyo paka asionjeshwe hata chembe! Ini lake haliwezi kuivunja, inamharibu damu na kumuua.

Kilichonitoa mbio ni mbavu. Zilikuwa zikipanda na kushuka upesi upesi ilhali amelala. Nikashika simu, nikahesabu dakika nzima: 58. Paka mzima aliyelala kwa kawaida hapiti 30. Nikamtia kwenye tenga, nikafunika kwa khanga, nikaita bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo.

Daktari akamsikiliza kifua, kisha akanipa na mimi nisikilize. Moyo ulidunda kwa mbali, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Akanieleza kwamba usaha umejaa kifuani, umeuzunguka moyo na kuyabana mapafu, na huenda ulianzia kwenye lile jeraha. Akamnyoa manyoya kidogo, akapenyeza sindano kati ya mbavu, taratibu mno. Ukaja uji wa rangi ya ulezi, harufu yake ikajaa chumba. Bomba la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne Kidoti akalaza kichwa mkononi mwangu na mbavu zikatulia.

Kifua kilioshwa kwa siku kadhaa, kisha tukapewa antibayotiki za wiki 6. Wiki ya tatu alikuwa anarukia ukuta, nikataka kuacha dawa. Daktari akakataa katakata: vijidudu vikibaki, usaha hurudi. Nilimaliza dozi, kidonge nikikificha ndani ya kipande cha samaki.

Ukimpeleka wako, usimkumbatie kifua wala usimlaze chali, mwache akae anavyotaka mwenyewe. Akihema mdomo wazi, usingoje kukuche. Na kidonda cha meno, hata kiwe kidogo vipi, kionyeshe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kidoti alipopata nguvu nilimhasi, maana dume aliyehasiwa hupunguza ugomvi. Samaki bado anawafuata, ila siku hizi isha haimkuti nje.