Maharage hayaivi ndani ya vipindi viwili: je, tuweke magadi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninafundisha sekondari ya kutwa mkoani Arusha na ninalea klabu ya mapishi ya wanafunzi 36 wa kidato cha pili. Tunakutana Alhamisi mchana kwa vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, tukiwa na majiko manne ya mkaa. Kila tukipika maharage, kengele inagongwa bado ni magumu. Wanafunzi wanasema nyumbani huwekwa magadi na yanaiva upesi. Niwaruhusu?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamesema kweli. Magadi yanalainisha maharage haraka. Hata hivyo, ningekuomba usiwaruhusu.

Magadi yanaharibu vitamini B1, ambayo ni moja ya sababu za kula maharage. Kwenye mboga za majani yanaharibu pia vitamini C, ingawa mboga inabaki na rangi ya kijani ya kuvutia. Kwenu Arusha kuna jambo zito zaidi: maji ya sehemu nyingi kandokando ya Mlima Meru yana floridi nyingi, na magadi ya ziwani nayo yanaweza kuwa nayo kwa wingi. Floridi ikizidi utotoni, meno ya kudumu huota yakiwa na madoa ya kahawia. Bila shaka darasani mwako wapo wenye meno hayo, kwa hiyo lifundishe kwa upole, mtoto asijisikie kunyooshewa kidole.

Sasa, kwa nini hayaivi? Mji wa Arusha uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Huko maji yanachemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, siyo 100 kama Tanga. Kuongeza mkaa kunamaliza maji tu, joto la sufuriani halipandi. Mwombe mwalimu wa fizikia themometa, wanafunzi wajionee wenyewe. Ongeza na umri wa maharage: yaliyokaa ghalani msimu mzima kwenye joto huwa sugu, hivyo sokoni waulize ya mavuno mapya.

Kwa hiyo somo lianze Jumatano jioni. Kila kundi lichague mmoja wa kuchambua na kuloweka maharage kwao, kwa maji mara tatu ya ujazo wake, ayalete asubuhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Maji ya kulowekea yamwagwe. Chaguo lisiwaangukie wasichana peke yao. Wavulana wamezoea kutumwa mkaa na maji, halafu wanarudi kula.

Saa nne, wakati wa mapumziko, yabandikwe kwa maji mapya na yatokote kwa nguvu dakika 30 kamili. Hapa usilegeze kamba. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, na moto mdogo wa kuchemka kidogokidogo hauiui. Miaka ya nyuma, shule niliyokuwa nafundisha, tuliharakisha tukapakua yakiwa na kiini kigumu. Jioni wanafunzi kadhaa walikuwa wanatapika. Sijasahau zile sura.

Baada ya dakika 30, sufuria ikiwa bado inatokota na mfuniko umebana, iwekeni ndani ya kapu lililotandikwa mablanketi, mfunike juu na mto. Joto halina pa kutokea, na maharage yanaendelea kuiva bila mkaa. Mkifungua saa nane, chukua punje moja uibinye kwa kidole gumba na cha shahada. Ikisagika yote kama uji mzito, imeiva. Ukiona katikati kuna kitu cheupe kama chaki, rudisha jikoni. Nyanya ziingie baada ya hapo tu, kwa kuwa uchachu wake unayafanya maharage yakatae kulainika.

Dakika zako 80 sasa zimebaki kwa kukata vitunguu bila kujikata, kusonga ugali, kuchemsha mchicha kidogo tu, kula na kuosha vyombo. Chumvi iwe yenye madini joto, itiwe mwishoni. Mwanafunzi mmoja apime kijiko kimoja cha chai akimimine kwenye sahani nyeupe, wote wakiangalie: hicho ni kama gramu 5, na mtu mzima hatakiwi kufikisha kiasi hicho kwa siku nzima, pamoja na chumvi iliyomo kwenye mkate na chipsi.

Kisha wagawie kipande cha chungwa au ndimu. Vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha, na wasichana wa umri huo wanayahitaji sana kwa sababu ya hedhi. Chai ya rangi inafanya kinyume, basi isubiri kama saa moja baada ya kula.