Maswali na majibu: Waseja safarini, kila mtu na ufunguo wake

Barua za safari fupi za mjini zimekuwa nyingi kiasi kwamba nimezitengea safu nzima. Nyingi zinatoka kwa watu waliojiunga na makundi ya waseja, wakalipa, kisha ndipo wakaanza kuuliza. Ningependa ulizeni kwanza.

Mratibu wetu anasema anayetaka chumba peke yake aongeze karibu nusu ya bei ya safari. Je, naadhibiwa kwa kukosa mwenza?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Hoteli huuza chumba, si kitanda. Wauzaji wa safari nao hutangaza bei ya mtu mmoja kwa kudhani kwamba watu wawili watalala chumba kimoja. Ukija peke yako, sehemu ya yule asiyekuwepo inakuangukia wewe. Mpaka hapo hesabu inaeleweka. Kisichoeleweka ni kutozwa nusu ya kila kitu. Huyo asiyekuwepo hatakula kifungua kinywa, hatapanda basi, wala hataingia makumbusho. Mwombe mratibu akupe mchanganuo: chumba kivyake, chakula kivyake, usafiri kivyake. Nyongeza ihusu chumba tu. Akishindwa kukuonyesha mchanganuo huo, basi hata yeye hajui anakutoza nini.

Iko pia kodi ya wageni, ambayo watu huigundua wakiwa wamesimama mapokezi na mabegi yao. Roma na Paris huitoza kwa kila mtu kwa kila usiku, kwa hiyo mseja analipa ya kwake tu. Amsterdam hutoza asilimia ya bei ya chumba, na tangu 2024 ni asilimia 12.5. Ukilala peke yako, unaibeba yote. Kundi likipiga kura ya mji wa kwenda, jambo hili lisemwe kabla ya kura.

Uliza kama hoteli ina vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya mtu mmoja. Hoteli kongwe za katikati ya miji huwa navyo. Ni vidogo, na dirisha pengine linatazama ua wa nyuma, lakini mtu anayeshinda nje kutwa nzima hapungukiwi na kitu. Huisha mapema kwa sababu ni vichache. Njia nyingine ni hoteli za maeneo ya ofisi: wikendi wasafiri wa kikazi wanapoondoka, bei zake mara nyingi hushuka.

Hukuniuliza hili, lakini nitalisema. Kundi linalojiita la waseja, kisha likapanga bei zake kwa wawili wawili, halijawafikiria wanachama wake. Watu kumi na wanne wanaokwenda pamoja wana nguvu ya kuiomba hoteli bei maalumu ya vyumba vya mtu mmoja mmoja. Waratibu wengi hawaombi kabisa. Huchukua karatasi ya bei waliyopewa na kuisambaza. Ila tahadhari: hoteli nyingi zikiona vyumba vinafika kumi huwahamishia kwenye masharti ya makundi, yenye amana kubwa na muda mfupi wa kughairi. Masharti hayo yasomwe kabla senti haijatumwa.

Nitachangia chumba na mtu nisiyemjua. Nimuulize nini?

Kama anakoroma, kama anavuta sigara, analala na kuamka saa ngapi, na kama anakusudia kuleta mtu chumbani. Hilo la mwisho ndilo watu huona haya kuliuliza, na ndilo linalomwacha mmoja akikesha kwenye kiti cha mapokezi. Hakikisheni mmeomba vitanda viwili kwa maandishi, maana ukisema tu "chumba cha watu wawili" unaweza kupewa kitanda kimoja kipana. Kila mmoja awe na ufunguo wake. Wa pili hutolewa ukiuomba.

Shangazi, kwenye safari hizi huwa kuna wanawake wangapi na wanaume wangapi? Nataka kujua kama pesa yangu itakwenda bure.

Swali hili linarudi kila mara, na jibu langu halijabadilika. Kama idadi hiyo ndiyo inayoamua, usilipe. Watu waliolipia safari wamelipia mji, chumba na wenzao wa kutembea nao. Hawakulipa ili wewe uje uwakague. Wapo wanaokutana humo na kuoana, nami huwafurahia kwa moyo wote, lakini wengi wao walijuana wakiwa wanashughulika na jambo jingine, kama kutafuta kituo cha treni kwenye mvua. Anayefika na orodha ya anachotaka huonekana siku ya kwanza, na kufikia ya pili hana wa kukaa naye mezani.

Pasipoti yangu inaisha miezi miwili baada ya safari. Itafaa?

Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, haitafaa kwa mgeni anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya: inatakiwa ibaki na angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Nchi nyingine nyingi hutaka miezi 6. Tafadhalini, angalieni tarehe kabla ya kununua tiketi, si kabla ya kupanda ndege.

Safari iliyopita mwanachama mmoja alinifuatafuata siku zote tatu, hadi akanisubiri nje ya mlango wa chumba. Nilipomwambia mratibu alinijibu, "Ninyi ni watu wazima, malizaneni." Wanataka niende tena mwaka huu. Niende?

Dada yangu, mratibu huyo alikosea, na alikosea vibaya. Utu uzima haumpi mtu ruhusa ya kusimama mlangoni kwa mwenziwe usiku. Usiende na kundi hilo mpaka likujibu maswali mawili kwa maandishi: nani anapokea malalamiko, na anayelalamikiwa anafanywa nini. Kundi la waseja lina wajibu huu kuliko kundi lolote jingine, kwa sababu kila aliyemo amekuja bila mtu wake wa kumshika mkono na kumwambia twende zetu.

Kanuni yenyewe haihitaji kurasa. Ukikataliwa mara moja, umekataliwa kwa safari nzima. Anayerudia anahamishwa meza na ghorofa. Akiendelea, anaondoka kwenye kundi kwa gharama zake. Malalamiko yapokelewe na watu wawili, mwanamke na mwanamume, wala asiwe mratibu peke yake, maana mara nyingi mratibu ni rafiki wa mlalamikiwa na atataka mambo yaishie kimya kimya.

Tena ile tabia ya kutuma orodha ya majina na namba za vyumba kwenye kundi la WhatsApp ikome. Sioni faida yake hata moja. Anayetaka kukualika kifungua kinywa atakupigia simu. Mhudumu wa mapokezi akitamka namba ya chumba chako kwa sauti mbele ya watu, omba chumba kingine, na usione haya. Mtu akikufuata, shuka mapokezi na useme unataka kuhamishwa. Hoteli inayojiheshimu hulifanya hilo bila kukuhoji. Hifadhi jumbe zake zote. Hali ikiwa ya hatari, wapigie polisi simu moja kwa moja bila kusubiri kikao cha kundi. Katika nchi zote za Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112, na ni bure.

Kwa kuwa tumefika huku, niongeze la vinywaji. Glasi uliyoiacha mezani ukaenda kucheza, usiirudie. Ukihisi umelewa kupita ulichokunywa, mwambie mtu unayemwamini na uende hospitali usiku huohuo, kwa sababu baadhi ya dawa wanazotiliwa watu, kama GHB, hutoweka kwenye mkojo ndani ya saa 12 hivi. Kusubiri asubuhi ukapime ni kupoteza ushahidi. Na ninyi wengine, mwenzenu akiwa katika hali hiyo hapelekwi chumbani akaachwa peke yake "apumzike". Mtu anakaa naye mpaka daktari amwone.

Tulipanga siku moja tu ya makumbusho mjini Paris, tukafika Louvre Jumanne na kukuta pamefungwa. Tungejuaje?

Kwa kusoma. Louvre hufungwa Jumanne, Musée d'Orsay hufungwa Jumatatu, na Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Safari ya siku tatu haina siku ya kurudia. Na kufungwa siyo kikwazo pekee. Nyumba ya Anne Frank mjini Amsterdam huuza tiketi mtandaoni tu, nazo hutolewa kila Jumanne kwa ziara za wiki 6 mbele. Kundi linaloamua mambo yake wiki moja kabla litaitazama kwa nje. Mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo kule Milano hutazamwa kwa dakika 15 kwa watu wachache wachache, tena kwa tiketi ya mapema. Mpeni mtu mmoja kazi ya tiketi, na mumsikilize.

Mimi sinywi pombe, lakini kila jioni bili inagawanywa sawa kwa sawa. Nikisema nitaonekana bahili?

Sema kabla ya kukaa, si bili ikishafika. Mwombe mhudumu mapema afungue bili mbili, ya chakula na ya vinywaji. Migahawa mingi hukataa kuwagawia watu kumi na wanne bili kumi na nne, lakini mbili ni rahisi. Wanywaji wagawane ya kwao. Asiyekunywa amekuwa akiwalipia wenzake kwa miaka mingi kwa kuogopa neno "bahili", na mimi huona uchungu kila ninapoletewa barua ya namna hii, kwa sababu mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo mezani. Angalieni pia kama gharama ya huduma imeshaongezwa. Kwa makundi makubwa mara nyingi huongezwa moja kwa moja, nanyi mkaacha bahashishi juu yake bila kujua.

Ni mjane, nina miaka 61. Nimealikwa safari ya siku nne na kundi la waseja. Wanangu wanasema kusafiri na watu usiowajua ni uhuni wa siku hizi. Nifanyeje?

Nenda, Mama. Wala si jambo la siku hizi. Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook, Mwingereza aliyekuja kuwa muuzaji mashuhuri wa safari, aliwapeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, na safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Waambie wanao hivyo.

Kisha uliza mambo yanayokuhusu hasa. Kundi hutembea kwa miguu kiasi gani kwa siku, na anayechoka anarudi vipi? Hoteli ina lifti? Usikubali jibu la "si mbali". Omba saa na kilomita. Dawa zako ziweke kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake za asili, pamoja na karatasi ya daktari. Uliza umri wa wenzako bila woga, kwa maana kundi la vijana wa miaka ishirini na kitu linaloanza jioni yake saa tano usiku halitakufaa hata wakikukaribisha kwa upendo. Yapo makundi ya watu wa rika lako. Na usikubali kugeuzwa mlezi wa mabegi wengine wanapokwenda kucheza. Umelipa kama wao.

Nimeoa lakini mimi na mke wangu hatuelewani. Naweza kujiunga?

Hapana.

Nikitaka kujitenga nusu siku nitembee peke yangu, wenzangu hawatanuna?

Wachache watanuna, nawe utatembea. Mwambie mtu mmoja unakoelekea na saa utakayorudi, uwe na anwani ya hoteli kwenye karatasi endapo simu itazima. Ratiba isiyo na nafasi ya namna hii ni ratiba mbaya.

Nimeshalipa yote, sasa sijisikii kwenda. Bima itanirudishia?

Haitakurudishia. Bima ya kawaida ya safari hulipa ugonjwa, msiba, ajali na mengine yaliyoandikwa. Kubadili nia hakumo.

Kinachoweza kukusaidia ni kujua nani hasa aliyekuuzia safari. Kama ni kifurushi, yaani usafiri na hoteli vikiuzwa pamoja, kilichouzwa na kampuni ndani ya Umoja wa Ulaya, sheria inakuruhusu kumwachia mtu mwingine nafasi yako, ukitoa taarifa angalau siku 7 kabla ya kuanza na kulipia gharama za mabadiliko. Kampuni hiyo pia inatakiwa kuwa na dhamana ya kuwarudishia wateja pesa ikifilisika. Lakini sheria hiyohiyo haihusu safari zinazoandaliwa mara chache, bila faida, kwa ajili ya watu wachache wa kundi fulani. Makundi mengi ya waseja yako hapo. Mratibu ni mtu wa kujitolea, amekusanya pesa kwenye akaunti yake mwenyewe, amelipia hoteli kwa kadi yake. Ni mwaminifu, sina shaka, lakini hoteli ikikataa kurudisha, hana pa kuitoa pesa yako, na wewe huna pa kwenda kudai.

Mratibu asishike pesa peke yake. Awepo mhazini, na risiti zionekane na kila aliyechanga. Kwa sasa mwandikie mratibu leo, umuulize kama safari imeuzwa na kampuni au na yeye, na kama nafasi yako inaweza kubadilishwa jina. Akisema inawezekana, tafuta mtu wa kuichukua kabla zile siku 7 hazijafika.