Kabla ya Kusahihisha Mwongozo wa Kusakinisha Hifadhidata

Kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi ya seva alifuata hatua kwa hatua mwongozo wa hifadhidata moja huria kwenye Debian 13, toleo la mfumo wa Linux, akajibiwa kwamba amri ya apt-key, iliyokuwa ikiingiza funguo za kuthibitisha saini za vifurushi vya programu, haipo. Alidhani amekosea yeye, akapoteza mchana mzima akirudia. Jambo hilo liliniuma, kwa kuwa kosa lilikuwa la maandishi, nikaamua kuyasahihisha.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba ujue sababu ya amri ya zamani kuachwa kabla hujaandika mpya. Ufunguo ulioingizwa kwa apt-key uliaminiwa na mfumo mzima, hivyo mwenye ufunguo wa hifadhidata angeweza kutia saini kifurushi chochote, hata kisichohusiana na hifadhidata, na kompyuta ikakipokea. Siku hizi ufunguo huwekwa katika faili lake ndani ya /etc/apt/keyrings, kisha hutajwa kwa neno signed-by kwenye mstari wa hazina inayohusika, yaani mahali apt, programu ya kusakinisha, inapochukua vifurushi, ili uaminifu uishie hapo. Asiyelifahamu hilo hupendekeza ufunguo uhamishiwe trusted.gpg.d, saraka ya funguo zinazoaminiwa na mfumo mzima, ambako onyo la apt kuhusu njia ya zamani hutoweka lakini hatari hubaki ileile.

Sahihisho langu la kwanza nililijaribu kwenye Debian 13 pekee. Mmoja wa watunzaji wa mradi alilirudisha, na alikuwa na haki: kwenye Debian 11 saraka ya keyrings haiji na mfumo, ni lazima itengenezwe kwanza. Tangu siku hiyo huwasha mashine pepe mpya, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta nyingine, kwa kila toleo ambalo mwongozo unadai kulihudumia, nikanakili amri kutoka kwenye ukurasa wenyewe, kwa maana kwenye kompyuta ninayoitumia kila siku ufunguo wa zamani bado upo na kila kitu huonekana kuwa sawa. Angalia pia jina la faili la ufunguo, kwani ulio katika maandishi ya kawaida hutakiwa kuishia na .asc, ukiuishia na .gpg, apt inaweza kuupuuza na kulalamika kwamba hauoni ufunguo.

Unapotuma sahihisho, taja matoleo uliyoyajaribu, bandika ujumbe wa kosa kama ulivyotokea, wala usichanganye humo marekebisho ya lugha au mpangilio. Langu la pili lilikuwa na mistari minne tu, likakubaliwa. Nilimwomba kijana yule aanze upya kwenye mashine tupu akiwa na mwongozo mpya peke yake, na hakuniuliza swali hata moja.